Namba ya chupa na namba ya gunia

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala kuhusu PHP. Naandika kuhusu mvinyo, au niseme kuhusu namba ndogo iliyochapwa chini ya lebo ya chupa ya mvinyo, na jinsi namba hiyo ilivyonifanya niiangalie upya kahawa ya mama yangu. Wapenzi wa hifadhidata msiondoke, chenu kimo.

Kwa miaka mitatu sasa natunza programu ya familia moja ya Wajerumani wanaolima zabibu kwenye bonde la mto Mosel. Kazi niliipata mtandaoni, kama tunavyozipata wengi wetu tunaoandika programu tukiwa Umoja, Kayole au Buruburu. Wao hawajawahi kufika Nairobi, nami sijawahi kufika kwao. Mzee mwenye shamba huniandikia barua pepe kwa Kiingereza cha shule, nami humjibu kwa Kiingereza cha shule. Tunaelewana vizuri.

Programu yenyewe si ya ajabu. Ina jedwali la vipande vya shamba, jedwali la mapipa, jedwali la chupa na jedwali la saa za kazi. Mtu anavuna, anaandika. Anahamisha mvinyo kutoka pipa hili kwenda lile, anaandika. Mwisho wa mwaka ripoti zinatoka. Mtoto aliyemaliza chuo anaweza kuitengeneza. Kilichonichukua muda ni kuelewa kwa nini vipande vya shamba viko vile vilivyo.

Kwa nini walime ukutani?

Mosel huanzia milima ya Vosges kule Ufaransa, hupita mpakani mwa Luxembourg, kisha hujipinda kama nyoka ndani ya Ujerumani mpaka unapokutana na mto Rhine mjini Koblenz. Umechimba bonde refu, na kuta za bonde hilo ndizo mashamba. Karibu na kijiji cha Bremm kuna mteremko uitwao Calmont, ambao sehemu zake zinafikia nyuzi 65. Ngazi unayoegemeza ukutani ili ubadilishe balbu husimama kwenye nyuzi 75 hivi. Sasa jifikirie uko juu ya ngazi hiyo, mgongoni una kapu la zabibu, na chini ya kiatu ni vipande vya mawe vinavyoteleza.

Nilimuuliza mzee kwa nini wasilime kule chini kwenye tambarare. Alinijibu kwa neno moja: jua. Nilikaa nikapiga hesabu, na ninyi mnaweza kuipiga kwenye kikokotoo chochote.

Bonde hilo liko karibu na latitudo ya 50 kaskazini. Siku ambayo mchana na usiku ni sawa, mwezi wa Machi au Septemba, jua la saa sita mchana kwao liko nyuzi 40 tu juu ya upeo wa macho. Miale inafika imelala.

tambarare: sin(40) = 0.64
mteremko wa nyuzi 45 unaotazama kusini: sin(40 + 45) = 0.996

Yaani kipande cha mteremko kinapokea nguvu ya jua kwa asilimia 55 zaidi ya kipande cha ukubwa ule ule kilicholala. Ongeza mawe meusi ya sleti yanayonyonya joto mchana na kulitoa usiku, ongeza mto unaorudisha mwanga, na utaelewa kwa nini zabibu inaweza kuiva mahali penye baridi kama pale. Na si zabibu yoyote. Riesling huchelewa kuiva. Inavunwa mwishoni mwa Septemba, Oktoba, wakati mwingine Novemba. Kwenye tambarare ya baridi, msimu ungekwisha kabla haijakamilika. Kwenye mteremko inaiva polepole na kubaki na uchachu wake, na uchachu huo ndio unaoifanya iwe Riesling. Mwaka 1787 Askofu Mkuu wa Trier, Clemens Wenzeslaus, aliyekuwa pia mtawala wa eneo hilo, aliamuru mizabibu duni ing'olewe na bora ipandwe. Riesling ikashika mizizi zaidi.

Kwetu hesabu hiyo inageuka. Mama analima kahawa upande wa Mathioya, kaunti ya Murang'a, chini kidogo tu ya ikweta. Jua la Machi liko utosini: tambarare inapata 1, na mteremko wa nyuzi 45 unapata sin(45), yaani 0.71. Mteremko wetu haumsaidii mkulima kupata jua hata kidogo. Tunalima kwenye miteremko kwa sababu ndiyo tuliyo nayo. Mito inayoshuka kutoka Nyandarua imeikata nchi ikawa migongo na mabonde, udongo ni mwekundu na wenye rutuba, na watu ni wengi. Lakini ukimweka mama yangu na yule mzee pamoja, watazungumza kwa ishara kutwa nzima kuhusu magoti.

Saa za kazi

Kwenye tambarare, mashine hufanya kazi nyingi za shamba la zabibu, na hektari moja huchukua saa mia chache za kazi kwa mwaka. Kwenye mteremko mkali, ambako kila mzabibu umefungwa kwenye mti wake peke yake, hektari moja inaweza kula zaidi ya saa 1,000. Trekta haipandi. Jembe huvutwa kwa waya na mashine iliyosimamishwa juu. Sehemu nyingine wamejenga reli moja yenye meno, na kigari kidogo hupanda juu yake kikiwa na mtu na makreti. Dawa hupuliziwa kwa helikopta, na miaka ya karibuni kwa droni pia. Kupogoa, kufunga matawi na kuvuna bado ni mikono na miguu ya watu.

Halafu kuna urithi. Kwa desturi ya bonde hilo, iliyotiwa nguvu na sheria za Napoleon wakati Wafaransa walipoitawala kingo ya kushoto ya Rhine, shamba hugawiwa watoto wote sawasawa. Vizazi kadhaa baadaye, wateja wangu wana hektari 4 tu, ila jedwali lao la vipande lina mistari 31. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa maana Murang'a tunaijua hadithi hiyo. Kwetu serikali ya kikoloni iliunganisha vipande miaka ya 1950, kila familia ikapewa ukanda mmoja, mara nyingi kutoka mgongoni hadi mtoni. Tangu hapo tumekuwa tukiukata upya.

Kwa hiyo mteremko una gharama mara tatu au nne ya tambarare, na hauna njia ya mkato. Swali la mtu wa biashara ni moja: nani anaulipia?

Namba ya chupa

Hapa ndipo namba inapoingia. Kwenye lebo ya mvinyo bora wa Kijerumani utaona herufi A.P.Nr. zikifuatwa na tarakimu. Ni namba rasmi ya upimaji, na ilikuja na sheria ya mvinyo ya mwaka 1971. Kabla chupa haijauzwa, mvinyo hupimwa maabara, kisha huonjwa na jopo lisiloona lebo. Ukifaulu, unapewa namba. Namba hiyo haikubuniwa hovyo. Inasomeka kwa vipande:

1. kituo kilichopima,
2. kijiji cha aliyejaza chupa,
3. aliyejaza chupa mwenyewe,
4. namba ya mfululizo ya mvinyo huo kwa mtengenezaji huyo,
5. mwaka wa upimaji.

Mimi kama mwandishi wa programu nilifurahi sana. Huu ni ufunguo mkuu unaosafiri pamoja na mali yenyewe. Mtu akifungua chupa Tokyo au Mombasa na kusema ina ladha ya ajabu, mzee atasoma namba hiyo, atafungua programu yangu, na kwa sekunde mbili tutajua pipa lipi, vipande vipi, siku gani vilivunwa na nani alivivuna. Juu ya namba hiyo lebo ina jina la mteremko wenyewe. Mfano maarufu ni Wehlener Sonnenuhr, mteremko uliopewa jina la saa ya jua iliyojengwa pale mwaka 1842. Wenye vipande pale ni wengi, na kila mmoja anauza chupa yake kwa jina lake na la mteremko.

Zabibu zenyewe nazo hupimwa. Mfua dhahabu wa Pforzheim, Ferdinand Oechsle, alitengeneza kipimo kinachoelea ndani ya maji ya zabibu na kuonyesha ni mazito kiasi gani kuliko maji ya kawaida. Lita moja ikizidi lita ya maji kwa gramu 80, hiyo ni 80 Oechsle. Gawanya kwa 8 na utapata makadirio ya asilimia za kileo kama sukari yote itachachuka. Majina kama Kabinett, Spätlese na Auslese kwenye lebo yanafuata kipimo hicho.

Ila msidhani Wajerumani hawaharibu data. Sheria ile ile ya 1971 ilipunguza majina ya mashamba kutoka maelfu mengi hadi takriban 2,600, na ikaunda majina mengine ya maeneo mapana yanayofanana kabisa na majina ya mashamba. Piesporter Goldtröpfchen ni mteremko. Piesporter Michelsberg ni eneo kubwa linalojumuisha hata mashamba ya tambarare. Kwenye lebo huwezi kutofautisha. Kwa lugha yetu ni safu moja ya jedwali iliyobeba vitu viwili tofauti. Mnunuzi aliyekunywa Michelsberg ya bei ya chini alidhani amekunywa mteremko, na bei za wote zikavutwa chini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalianza kurekebisha hilo: kadiri eneo linalotajwa linavyokuwa dogo, ndivyo masharti yanavyokuwa makali. Miaka hamsini kusafisha safu moja!

Mwaka juzi mgeni mmoja aliniletea chupa kutoka kwa mzee. Niliifungua hapa kwenye ploti na majirani. Ilikuwa na kileo cha asilimia 8 tu, tamu kidogo, kisha uchachu kama wa tufaha la kijani unaokufanya umeze mate. Keateka wetu alisema ni juisi iliyosoma. Mama, aliyekuwa amekuja kliniki, alionja kijiko kimoja, akauliza zabibu hizo zinalimwa wapi. Nikamwonyesha picha ya mteremko. Alikaa kimya akiitazama, kisha akauliza: "Na wanaovuna wana miaka mingapi?"

Safu ya mwisho

Swali hilo alikuwa ameliuliza mzee pia, kwa njia yake. Wiki chache kabla ya hapo aliniomba niongeze safu moja kwenye jedwali la vipande. Nilidhani ni aina ya udongo au mwaka wa kupanda. Hapana. Alitaka safu ya "nani anaweza kupanda". Kwa kila kipande, majina ya watu ambao bado wana miguu ya kukifikia.

Niliiweka. Baada ya kuijaza, vipande sita vilikuwa na jina moja tu, la binti yao. Yeye anafanya kazi ofisini Luxembourg siku nne kwa wiki. Vipande viwili havikuwa na jina lolote.

Kisha aliomba ripoti: saa za kazi kwa kila kipande dhidi ya mapato ya chupa zilizotoka humo. Sitaji bei zao, ni mambo ya nyumba yao. Ila umbo la matokeo naweza kulisema. Vipande vikali ambavyo chupa zake zinabeba jina la mteremko vilijilipa, na vilivyo bora vililipa kuliko vile vya chini. Vipande vikali ambavyo zabibu zake humwagwa kwenye mchanganyiko wa mvinyo wa kawaida vilikuwa hasara kila mwaka. Ukali wa mteremko ulikuwa sawa na jasho lilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kama jina lilifika mwisho wa safari au lilipotelea njiani.

Haitoshi kuokoa bonde zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 eneo la Mosel lilikuwa na zaidi ya hektari 12,000 za mizabibu. Sasa ni karibu 8,500. Miteremko mingi imerudi kuwa vichaka. Familia yangu ile imeamua kuviacha vile viwili visivyo na jina la mtu. Binti anafikiria siku nne ziwe tatu.

Namba ya gunia

Sasa turudi kwetu. Kahawa ya Kenya nayo ina namba, na ni nzuri vilevile. Kila shehena inayofika kwenye kinu cha kukoboa hupewa namba ya aina hii:

12XX0034

Tarakimu mbili za kwanza ni wiki ya msimu, na msimu huhesabiwa kuanzia Oktoba. Herufi mbili ni kinu. Tarakimu nne za mwisho ni shehena yenyewe. Namba hiyo huenda na kahawa mpaka kwenye mnada wa Nairobi unaofanyika Jumanne, na mpaka kwa mnunuzi ng'ambo. Mchoma kahawa wa Oslo anaweza kuiandika kwenye paketi yake. Kwa hiyo msiseme Waafrika hatuna kumbukumbu. Tunazo, na za kisasa.

Tatizo ni inapoanzia. Namba ya chupa inaanzia kwenye mteremko. Namba ya gunia inaanzia baada ya kiwanda cha sosaiti. Mama anachuma matunda mekundu asubuhi, anayabeba hadi kiwandani kule chini karibu na maji, karani anapima, anampa risiti ya kilo. Dakika hiyo hiyo matunda yake yanaingia kwenye tangi moja na ya mamia ya wengine. Yanamenywa, yanachachushwa, yanaoshwa, yanaanikwa. Aliyechuma mekundu tupu na aliyechanganya mabichi wanapata bei moja kwa kilo. Baada ya kinu, kahawa hupangwa kwa ukubwa wa punje. Daraja la AA ni punje zisizopita kwenye matundu ya takriban milimita 7, kisha AB, PB, C na kuendelea. Ukubwa wa punje unasema mambo fulani. Hausemi mgongo upi wala nani alipanda.

Kinu kikubwa cha KPCU kiko hapa hapa Dandora. Ukitoka kwangu Umoja ni safari fupi ya matatu. Kahawa ya migongo mingi ya kwetu imepita Eastlands kwa miaka, magunia kwa magunia, nyuma ya mitaa tunayoishi sisi watoto wa waliyoilima, na hakuna hata mmoja wetu angeweza kunyosha kidole aseme lile pale ni letu.

Nisieleweke vibaya. Ushirika si adui. Mwenye miti 240 peke yake asingefika mnadani kamwe. Hata Mosel kuna ushirika mkubwa, Moselland, wenye makao Bernkastel-Kues, na familia nyingi huupelekea zabibu. Na mambo yanasogea: tangu 2023 malipo ya mnada hupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja wa Co-operative Bank, ili fedha zisikae njiani. Lakini mfumo wa malipo unajibu swali la "lini", haujibu swali la "ipi".

Na swali la "ipi" lina haraka nyumbani kwetu. Mwaka 1987/88 Kenya ilizalisha karibu tani 130,000 za kahawa. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana masoko ukavunjika, bei zikaanguka, na katika miaka ya 2010 tulikuwa chini ya tani 50,000. Watu waling'oa. Ndugu zangu wawili wanataka ya mama nayo ing'olewe, tupande maparachichi kule juu na ule mteremko wa mtoni tuuache ukae na majani ya ng'ombe. Hawana ubaya. Wao ndio huenda kumsaidia kupogoa, na mama ana miaka 67. Nilipochora jedwali la shamba letu kwa kujifurahisha, na kuweka safu ile ya mzee, kwenye sehemu ya chini palibaki jina lake peke yake.

Hesabu ya jirani

Nilimweleza mama habari ya namba. Huniita baba, kwa kuwa nimebeba jina la babake. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Baba, hizo namba zitaninunulia mbolea?"

Ni swali la haki, kwa hiyo tulipiga hesabu mezani.

Miti 240, kila mmoja kilo 4 za matunda kwa msimu mzuri: kilo 960. Kilo moja ya kahawa safi inahitaji kama kilo 6.5 za matunda: 960 / 6.5 = kilo 148. Gunia ni kilo 60, kwa hiyo magunia mawili na nusu. Tuseme robo yake ni AA: kilo 37. Hakuna kinu wala mnunuzi atakayesimamisha kazi kwa ajili ya kilo 37.

Lakini mgongo wetu una nyumba 14 zenye miti kama yake, karibu yote ni SL28 ya zamani, aina iliyochaguliwa na Scott Laboratories miaka ya 1930. Mara 14 ni kilo 2,072 za kahawa safi, magunia 34. AA peke yake ni magunia manane na zaidi. Hiyo ni shehena. Hiyo inaweza kupewa namba yake.

Kinachohitajika si programu. Ni nyumba 14 kuchuma siku moja, mekundu tu, na kiwanda kutenga tangi moja na meza chache za kuanikia. Tukigawa kwa michumo minane, ni kilo 1,680 kwa siku. Meneja wa kiwanda aliposikia hesabu hiyo hakucheka. Alisema kilo zikifika 1,500 kwa siku anaweza kutenga tangi, kwa majaribio ya michumo mitatu, na kamati ikubali. Kamati ilijadili mara mbili. Mara ya kwanza mzee mmoja aliuliza kwa nini mgongo mmoja ujifanye bora kuliko mingine. Ni swali zuri, na jibu la mama lilikuwa fupi: kila mgongo uchukue siku yake. Mara ya pili walikubali.

Mimi nimechangia kidogo sana. Ni jedwali moja kwenye simu ya jirani kijana: jina, tarehe, kilo, na alama ya karani kama matunda yalikuwa mekundu. Inafanya kazi bila intaneti, na inatuma ujumbe mfupi akifika penye mtandao. Msimbo nitauweka hadharani ukishatumika msimu mmoja, si kabla, maana programu ya shambani hujaribiwa na mvua.

Kama bei itapanda sijui. Inawezekana onjo liwe la kawaida tu na mnunuzi asijali. Basi tutakuwa tumejua, kwa namba, kwamba mteremko wetu ni wa kawaida, na ndugu zangu watakuwa na hoja ambayo mimi mwenyewe sitaweza kuipinga. Mama amewaambia wasubiri michumo hiyo mitatu. Jembe la kung'olea lipo, halioti kutu kwa mwaka mmoja.

Nilimwandikia mzee wa Mosel habari hizi. Alijibu kwa maswali ya kitaalamu tupu: mteremko ni nyuzi ngapi, udongo unashika maji kiasi gani, mnabeba vipi mpaka chini. La mwisho lilikuwa: nani anaweza kupanda? Nimemjibu kwamba kwa michumo mitatu ya Oktoba hadi Desemba tumeandika majina mawili kwenye sehemu ya chini. La mama, na langu. Nimeshaomba ruhusa ya siku hizo kwa wateja wangu wote, yeye akiwemo. Kwake ni wakati wa mavuno pia, kwa hiyo programu isipofanya kazi siku hizo, mjue sote wawili tuko mlimani.

Walio na wazazi kwenye sosaiti za Kirinyaga, Nyeri, Kiambu, Machakos au Embu: je, kiwanda chenu kimewahi kutenga tangi kwa mgongo mmoja? Ilikuwaje? Nataka kujua kabla ya Oktoba.